Mwanamke Aliyetembea Nyuma ya Wachumba

“Ukiteleza hapa,” aliniuliza, “huyo wako atashuka kukuchukua, ama atasimama huko juu akiita jina lako?”

Tulikuwa kwenye ukingo wa bonde, juu ya Mai Mahiu, mahali ambapo mvua ilikuwa imekula nusu ya njia. Dan, mwanamume ambaye kila mtu alitarajia anioe, alikuwa ameshavuka na sasa ametupa kisogo, anapiga picha za mlima Longonot kwa simu. Nilikuwa na digrii. Nilikuwa na jibu la karibu kila kitu, na pale nilipokosa jibu nilikuwa na swali la kumrudishia mtu. Siku hiyo nilitazama udongo uliolegea chini ya viatu vyangu nikasema, “Sijui, Mshauri.” Naye akasema, “Haya, vuka,” kama mtu aliyeuliza saa akaambiwa.

Mshauri ndilo jina tulilomwita sote. Kanisa letu la Kaptembwo lilikuwa na mchungaji, wazee, mashemasi na kwaya mbili zilizochukiana, lakini mshauri wa ndoa alikuwa mmoja tu, na huyo ndiye watu walimwogopa. Alizaliwa wapi, wa ukoo gani, alifikaje Nakuru, sijui, na sioni kama ingesaidia. Nilimjua kwa miaka mingi jinsi mtu anavyomjua jirani mwenye mbwa mkali. Ninaandika haya nikiwa bado na hasira naye. Watu huniambia marehemu hasemwi vibaya. Kwa nini? Alipokuwa hai hakuna aliyethubutu, na sasa amekufa tunaambiwa tusithubutu. Tungemsema lini?

Desturi yake ilikuwa hii. Wachumba wa kanisa letu hawakutangazwa mbele ya watu mpaka watembee naye kutwa. Gari la kanisa liliwapandisha alfajiri mpaka kijiji cha kwanza kule juu, penye baridi, viazi na ukungu, likawaacha hapo. Kuanzia hapo walifuata ukingo kwa miguu, kijiji hadi kijiji, vijiji vyenyewe nyumba za mabati zilizojibana kati ya barabara na genge, kila uani kukiwa na kabeji na nyuma ya kabeji hakuna kitu, hewa tu mpaka chini bondeni. Jioni waliteremka mpaka Mai Mahiu, wakala chapati na ndengu katikati ya madereva wa malori, wakarudi Nakuru. Wachumba walipewa begi moja lenye maji na chakula cha watu watatu. Nani abebe, Mshauri hakusema. Alitembea nyuma yao na kikapu chake, amevaa gambuti nyeusi za kiume, zile buti za mpira za mvua, hata jua liwake namna gani.

Baada ya matembezi hakutoa hukumu yoyote. Hiyo ndiyo sehemu iliyoniudhi hata kabla sijawa na sababu. Kama Jumapili ilifika na hakuwa amekwenda kwa mchungaji, majina yalitangazwa. Kunyamaza kwake ndiko kulikuwa baraka. Kanisa zima, watu wazima wenye akili, walikuwa wamekubaliana kwamba mwanamke fulani asiposema kitu, basi Mungu amesema.

“Kwa nini usiwakalishe uwaulize maswali, kama makanisa mengine?” nilimuuliza siku moja. Nilikuwa ndio nimeingia chuoni, na nilikuwa nikiuliza kila mtu kila kitu.

“Ukimkalisha mtu kwa kiti atakuambia maneno mazuri.”

“Na akitembea?”

“Akichoka anarudi kuwa yeye.”

“Hiyo si hoja, Mshauri. Kuna watu wazuri wanaochoka vibaya. Mama akiwa na njaa haongeleki.”

“Baba yako alijua hivyo akamwoa. Nilitembea nao.”

Mama, aliyekuwa akichambua sukuma wiki karibu yetu, alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi sikucheka. Nilitaka kujibiwa, na Mshauri alikuwa na tabia ya kukutoka kwa mlango mdogo kama huo wakati wewe umesimama kwenye mlango mkubwa ukimngoja.

Alikuja kwetu mara nyingi, kwa sababu tulikuwa na televisheni na yeye alipenda mieleka. Huyu mama aliyewaambia vijana wawe wapole manyumbani mwao, alikaa ukingoni mwa kochi letu akiwaambia majitu ya ng'ambo wavunjane shingo. “Mfinye! Mfinye huyo, ameanguka!” Dada yangu Nekesa alimtilia chai huku akimwangalia kwa mapenzi makubwa. Nekesa alimpenda kuliko nilivyoelewa. Mchezo ukiisha, Mshauri alifuta uso kwa kanga, akawa mtu wa kanisa tena.

Alihubiri dhidi ya umbea, lakini mchana mzima alikuwa kibandani kwa mama mboga, amejipa kazi ya kutoa minji kwenye maganda, masikio yamesimama. Maombi marefu hakuyaweza. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa akiomba mpaka watoto wanalala, na Mshauri alikohoa, akakohoa tena, mpaka mzee akasema amina kwa hasira. Hakupenda watu wanaonukia manukato. Hakupenda neno “mpenzi.” Msichana akija kwake akilia, alimwambia, “Sema. Ukilia sisikii, sema.” Aliwafokea wanawake kwa kunyamaza. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mke wa shemasi mmoja: “Umenyamaza miaka yote hiyo ukimngojea nani?” Mwanamke yuleyule ambaye heshima yake yote ilijengwa juu ya kutosema.

Lazima niseme na hili, ingawa linaniharibia. Baba alipofariki, nyumba ilijaa watu wa maneno. Mshauri hakusema hata pole. Aliingia jikoni akaosha vyombo, na kesho yake akarudi akaosha, na ikaendelea hivyo mpaka wageni wakaisha. Siku ya mwisho alimwambia mama, “Sufuria yako kubwa imetoboka,” akaenda zake. Mama alisema ndiye mtu pekee aliyemsaidia. Walikuwa marafiki, mama na yeye. Nilijua hivyo kama nilivyojua kwamba paa letu ni la mabati.

Basi, zamu yangu ilipofika, sikwenda kwa imani. Nilikwenda kwa sababu mama alilia na Dan alisema, “Si ni kutembea tu? Watu hulipa watembezwe huko.” Nilijiambia nakwenda kumchunguza mchunguzi.

Ukungu ulikuwa mzito, tukamsikia punda kabla ya kumwona. Kwenye kijiji cha kwanza tulikunywa chai kwa mama mmoja wa kibanda aliyewajua wachumba wote waliowahi kupita. Alimkagua Dan kuanzia viatu.

“Huyu ndiye bwana harusi? Mbona anahema kama punda wa maji, na hata hamjaanza?”

“Ni hewa ya juu, mathe,” Dan akasema.

“Hewa ni yetu, tunaipumua kila siku. Sema umekula sana.” Kisha akanigeukia. “Wewe ni mdogo wa yule Nekesa? Mnafanana mdomo. Yule kijana wa dada yako alikuwa wa maana. Alipita hapa na begi mgongoni, kikapu cha Mshauri mkononi, na akanichotea maji bila kuambiwa. Mshauri, si alikuchukulia kikapu?”

“Alichukua,” Mshauri akasema.

“Umeona? Wewe kijana, fanya kama yule.”

Dan akachukua begi. Hata mimi ningelichukua, kwa jinsi tulivyotazamwa.

Kwenye kijiji cha pili Mshauri alinunua hindi moja la kuchoma, akalivunja kwa kusudi vibaya, kipande kikubwa na kipande kidogo, akampa Dan vyote viwili. Dan alinipa kikubwa. Nilikuwa nimeshasikia habari za hilo hindi. Nani hakuwa amesikia?

“Huu ni mtego,” nilisema kwa sauti.

“Ni hindi,” akasema Mshauri.

“Na kama angekula kikubwa kwa sababu ana njaa, angekuwa mume mbaya?”

“Angekuwa mtu mwenye njaa.”

“Basi unapima nini?”

“Kula, linapoa.”

Kati ya vijiji kulikuwa na msitu, mitarakwa na leleshwa, na njia ilijificha humo kwa muda mrefu kabla ya kutokea tena ukingoni. Humo hakuna aliyetuona. Dan alichoka, akaweka begi chini, tukalibeba kwa kupokezana, tukagombana kidogo kuhusu ramani ya simu, tukasahau. Nyuma yetu gambuti zilisikika zikija, taratibu, hazikawii wala hazikaribii. Halafu tukafika pale palipobomoka, na akaniuliza swali lake.

Mimi na Dan hatukuoana. Majina yalitangazwa, lakini yeye alipata kazi Eldoret na mimi sikutaka kwenda, na tulipochunguza vizuri tuligundua kwamba hakuna aliyekuwa anamsihi mwenzake. Sitaki mtu aseme kwamba ukingo uliona. Ukingo haukuona kitu. Ni udongo.

Nekesa ndiye habari yenyewe. Yeye ni mkubwa wangu, na alitembea na shemeji nikiwa bado chuoni. Nilikuja tu kwenye arusi. Mama na Mshauri walikaa meza ya mbele wamevaa kitenge cha aina moja, na kila aliyepita kuwasalimia alisema lile lile la begi na kikapu. Kijana amepita. Kijana amebeba mpaka mzigo wa Mshauri. Kwa muda mrefu baadaye, Nekesa alipokuja nyumbani amevaa mikono mirefu wakati wa joto, tulikuwa na habari ya kikapu ya kutufariji. Nilimuuliza mara moja, moja kwa moja, kama kuna shida. Alicheka. “Wewe kila kitu unataka kiwe utafiti.”

Kisha akaletwa hospitalini na jirani. Shemeji alikuwa amemvunja mkono, na kwa kofi moja, au makofi mengi, hakutaka kuhesabu, alikuwa amemharibia sikio la kushoto. Daktari alisema halitarudi. Nilikaa kando ya kitanda nikiwa na hasira ya kuvunja vitu, na kwa kuwa shemeji alikuwa ametoroka, hasira haikuwa na pa kwenda. Nikaanza kusema habari ya begi. Nikasema, huyu ndiye yule aliyechotea watu maji?

Nekesa akasema, bila kunitazama, “Alibeba vijijini. Tukiingia msituni ananirudishia. Begi na kikapu. Mara ya pili nilichelewa kupokea, akanisukuma.”

“Na Mshauri?”

“Alikuwa nyuma.”

“Aliona?”

“Alikuwa nyuma, nimekuambia. Alikuja akanifuta udongo.”

Hapo hasira ikapata pa kwenda.

Mshauri wakati huo alikuwa ameshahamia Ndabibi, kwenye shamba la mwanawe, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa. Kanisa lilikuwa bado linataka wachumba wake watembezwe. Kwa kuwa hakuweza kutembea, ilisemekana mwanamke mwingine atafunzwa, na yeye ndiye atakayemfunza. Nilikwenda kumwambia asithubutu. Na nilitaka akiri. Nilijiambia sitarudi Nakuru bila kusikia neno hilo kwenye kinywa chake.

Nilimkuta amekaa kwenye gunia nje ya nyumba, miguu imevimba, ameinyoosha mbele kama vitu vya mtu mwingine. Alikuwa akipukusa mahindi. Gambuti hazikuwepo, alikuwa na slipasi.

“Msomi,” alisema. “Karibu. Mwambie huyo mke wa mwanangu akuletee chai.”

“Sitakunywa.”

“Umetoka Nakuru mpaka hapa ukiwa umeshiba?”

“Sijaja kunywa chai, Mshauri.”

“Haya. Mama yako hajambo?”

Nilimwambia hajambo, nikiwa nimeuma meno. Kisha nikamweleza kila kitu, mkono, sikio, jirani, hospitali. Hakuacha kupukusa. Alikuwa ameshasikia, niliona wazi. Nikamwambia, “Ulimwona akimrudishia begi.”

“Nilimwona.”

“Ulimwona akimsukuma.”

“Nilimwona.”

“Na ukanyamaza.”

Punje zilianguka kwenye beseni. Aligeuza gunzi, akaanza upande wa pili.

“Sasa anasikia?” aliuliza.

“Sikio moja.”

“Lipi?”

“La kulia. La kushoto limekufa.”

“Basi ukikaa naye, kaa kulia kwake. Usimfanye awe anageuka geuka mbele ya watu.”

“Sijaja kufundishwa kukaa!” Mke wa mwanawe akatokeza mlangoni, akarudi ndani. Nikashusha sauti, lakini sikushusha maneno. Nilimwambia kwamba amejifanya jicho la Mungu kwa miaka yote hiyo kwa hindi la kuchoma. Kwamba aliwafokea wanawake wa watu wasinyamaze, na siku moja tu ambayo neno lake lingemwokoa mtu, akala keki kwenye meza ya mbele. Kwamba Nekesa alimpenda, alimtilia chai, na yeye alimfuta udongo kisha akamkabidhi. Nilikuwa nimeyapanga haya tangu Nakuru, na yalitoka vizuri kuliko nilivyoyapanga.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Wakati huo hakukohoa.

“Umemaliza?”

“Sema ulikosea.”

“Nilikosea.”

Sikuwa nimetarajia liwe rahisi hivyo. Nikasimama pale kama mtu aliyesukuma mlango ambao haukufungwa.

“Wapi? Ulikosea wapi? Nieleze, maana neno tupu halinisaidii.”

“Hapo sitakujibu.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu wewe bado unaishi katika ile nyumba yenu.”

Niliona ni ule mlango wake mdogo tena. Nilimwambia asimfunze mtu yeyote ile kazi. Akasema, “Nimeshakataa. Mchungaji alikuja juzi, nikamwambia iishe na miguu yangu.” Hata hilo lilinikera, kwamba nilikuja kumnyang'anya kitu na kumbe ameshakitupa. Nikaaga. Aliniita nikiwa langoni. Nikadhani sasa atasema.

“Msalimie mama yako,” alisema. “Umwambie sina neno naye.”

Sikumfikishia mama salamu hizo. Niliona ni dharau, mtu kuleta salamu za kistaarabu mahali nilipoleta sikio la dada yangu. Mshauri alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Kanisa lilikodi mabasi kwenda kumzika, na mama hakwenda. Alisema mgongo unamuuma. Alijifungia chumbani, na mimi nikafikiri anamkasirikia kwa ajili ya Nekesa kama ninavyomkasirikia mimi, nikampenda zaidi.

Nekesa sasa anaishi nasi. Anasuka watu nywele kwenye duka dogo karibu na barabara, na wateja wamezoea kuongea upande wa kulia. Muda mrefu baada ya mazishi, jioni moja mama akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, tulikuwa tukiosha vyombo na mimi nilikuwa nimeanza tena. Mshauri hivi, Mshauri vile, mnafiki, mwoga. Nekesa akafunga mfereji.

“Alikuja hapa,” akasema.

“Nani?”

“Mshauri. Ijumaa kabla ya kutangazwa. Alimwambia mama, ‘Huyu kijana asimchukue mtoto, nimemwona kwa macho yangu. Kesho naenda kwa mchungaji.’ Mama akamwambia ameshawaambia watu wa nyumbani wote, akamwambia mimi umri umekwenda, nikikataliwa na Mshauri hakuna mwingine atakayekuja. Akapiga magoti. Alimshika miguu, akamwomba anyamaze.”

Nilimuuliza amejuaje haya yote.

Nekesa alisema alikuwa chumbani akisukwa kwa ajili ya Jumapili, na mlango ulikuwa wazi. Alisikia kila neno. Alisikia gambuti zikitoka. Akakaa kimya na kichwa chake mikononi mwa msusi, akingoja mama aingie amwambie, kwa sababu alikuwa ameamua kwamba mama akisema tu, hataolewa.

Mama aliingia. Alimshika nywele, akazitazama, akamuuliza msusi kama zitaisha kabla giza halijaingia.